Kariakoo, Mji wa Mashimo

Januari 3, 2019 chombo cha Wachina kiitwacho Chang'e 4 kilitua katika kreta ya Von Kármán, upande wa Mwezi ambao sisi wa duniani hatuuoni kamwe. Kigari kilichoshuka humo, Yutu-2, kilikuwa na rada, na kila kilipojikokota rada ile ilipiga mawimbi chini na kusikiliza mwangwi. Baada ya safari ya mita 106 tu, watafiti walikuwa na picha ya tabaka za ardhi hadi kina cha mita 40: vumbi laini katika mita 12 za juu, chini yake mchanganyiko wa vumbi na mawe hadi mita 24, halafu tabaka laini na za mawe zikipokezana. Hakuna aliyeshika koleo. Kariakoo, Dar es Salaam, ambako watu wamekaa kwa zaidi ya miaka 100, njia iliyozoeleka ya kujua kilichopo mita tatu chini ni kuleta kijiko cha kuchimbia na kufukua, na kijiko kikishapita, kilichokuwepo hakipo tena. Ninadai kwamba hasara hiyo ni kubwa kuliko tunavyoihesabu, kwa sababu Kariakoo ni mji wa mashimo: sehemu kubwa ya maisha ya watu wake iliachwa katika vitu vilivyochimbwa, na sababu ya kuwa hivyo inaweza kufuatiliwa mwaka kwa mwaka.

Sababu ya kwanza ni sheria. Dar es Salaam ilianzishwa na Seyyid Majid bin Said wa Zanzibar miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima, na mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia hapo makao yao makuu kutoka Bagamoyo. Kanuni zao za ujenzi, hasa zile za 1914, ziliugawa mji katika kanda tatu kwa kuangalia aina ya nyumba: ya kwanza nyumba za Kizungu, ya pili majengo imara ya biashara na makazi, ya tatu vibanda vya wenyeji. Ukishataja ukuta wa mtu huna haja ya kutaja rangi yake. Wakazi wenyewe walizifupisha kanda hizo kwa maneno matatu ambayo hayahitaji ramani: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kariakoo iliangukia kanda ya tatu. Ilipimwa juu ya shamba la minazi magharibi ya mji, mitaa yake ikanyooshwa kama mistari ya daftari la hesabu, na jengo la soko lilikuwa limeshaanza kusimama Vita Kuu ya Kwanza ilipoingia. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, eneo hilo likawa kambi ya wapagazi wa jeshi, wale wa Carrier Corps, na jina la Kiingereza likapita vinywani mwa watu likatoka Kariakoo, kama Nairobi lilivyotoka Kariokor.

Wapagazi waliokufa katika vita vya Afrika Mashariki hukadiriwa kufikia karibu 100,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927, mahali ambapo hadi 1916 alisimama gavana wa Kijerumani Hermann von Wissmann wa shaba, imempandisha juu mwenye bunduki. Mwenye mzigo kichwani hakupandishwa. Alichobakiwa nacho mjini, ukiacha maandishi ya chini ya sanamu hiyo, ni jina la mtaa, na jina halina mnyambuliko wa kutuambia alilala wapi, alipika nini, alijisaidia wapi. Kambi ya watu wengi namna hiyo haijengi kuta za kudumu. Huchimba: mitaro ya vyoo, mashimo ya taka, mafiga yaliyozama kwenye majivu. Kama kuna ushahidi wa wapagazi uliobaki Kariakoo nje ya makaratasi ya jeshi, umo katika mikato hiyo ya ardhi, ikiwa haijafukuliwa.

Baada ya vita Waingereza hawakuuvunja mgawanyo wa Wajerumani; waliurithi. Viwanja viligawiwa, watu wakahamia, na ukanda wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kati ya Uhindini na Kariakoo kama uzio usio na ukuta, ukihalalishwa kwa lugha ya afya. Ndani ya miraba ile ikaenea nyumba ya Kiswahili ambayo kila msomaji wa pwani anaijua hata kama hajaikalia: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na uani nyuma. Kuta ni miti na fito zilizokandikwa udongo, paa ni makuti, baadaye madebe yaliyofunuliwa au bati. Nyumba hiyo ikibomolewa, udongo hurudi kuwa udongo, miti huwa kuni, bati huuzwa. Kinachobaki ni cha uani. Huko kulikuwa na kisima, choo cha shimo, jiko na jaa. Choo kikijaa kilifukiwa, kikachimbwa kingine hatua chache pembeni, kwa hiyo uani mmoja uliotumika miaka 30 au 40 ni daftari la mashimo yaliyofuatana. Kisima nacho kilikuwa na mwisho wake. Mtambo wa maji wa Mtoni ulipofunguliwa mwaka 1949, kisha maji ya Ruvu Juu mwaka 1959, kisima cha nyumbani kilipoteza kazi taratibu, na shimo lisilo na kazi mjini huwa na hatima moja: hujazwa takataka. Sahani iliyovunjika, chupa, kopo la maziwa, mfupa wa mbuzi wa sikukuu, kiatu kimoja. Wanaakiolojia hufurahia kisima kilichofukiwa kuliko jumba la kifahari, kwani jumba huoshwa na kuhamwa, kisima kinameza na kutulia.

Hapo ndipo rada inapoingia. Kifaa chenyewe hakitishi: boksi lenye ukubwa wa kreti ya soda, limefungwa kwenye kitoroli, na anayelisukuma hutembea polepole katika mistari sambamba iliyoachana kwa nusu mita. Boksi hupiga mawimbi ya redio chini, na kila mahali ardhi inapobadilika, mchanga ukigeuka udongo, ukavu ukigeuka unyevu, ardhi ikigeuka chuma, sehemu ya wimbi hurudi juu. Muda wa kwenda na kurudi ndio kipimo cha kina. Katika mchanga mkavu wimbi husafiri sentimita 15 hivi kwa nanosekunde, yaani kwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde, kwa hiyo kitu kilicho mita mbili chini hujibu baada ya nanosekunde 27. Mchanga huohuo ukilowa, mwendo hushuka hadi kama sentimita sita, na jibu la nanosekunde 27 sasa lina maana ya kina cha sentimita 80. Asiyejua unyevu wa ardhi anayoipima anaweza kukiweka choo cha 1920 mahali pa bomba la jana.

Picha inayotokea haifanani na kitu kilichozikwa, na hili linafaa kuelezwa kwa utulivu kwa sababu wengi hudhani rada ni eksirei. Chukua bomba. Mawimbi hayadondoki wima kama jiwe. Hutawanyika kama mwanga wa tochi. Boksi likiwa bado hatua moja kabla ya bomba, tayari linaliona kwa mshazari, na kwa kuwa mshazari ni mrefu kuliko wima, mwangwi unachelewa. Likisogea, umbali unapungua. Likiwa juu ya bomba, mwangwi unafika mapema kuliko kote. Likipita, unaanza kuchelewa tena. Kwenye skrini bomba linachorwa kama ungo uliofudikizwa. Kisima ni tofauti. Ardhi isiyoguswa ina mistari iliyolala. Mistari hiyo ikifika ukingoni mwa kisima inakatika ghafla, kama mkeka uliopitiwa na kisu, na ndani yake kuna vurugu ya vitu vilivyomwagwa kutoka upande mmoja vikalala mteremko. Sakafu ya udongo ulioshindiliwa hutoa mstari mmoja bapa. Tundu la nguzo linaweza kukosekana kabisa: wimbi la megahezi 500 katika mchanga mkavu lina urefu wa sentimita 30, na mti mwembamba wa ukuta hupita bila kuonekana. Kwa maneno mengine, chombo hiki kingeweza kuikosa nyumba ya Kariakoo lakini kikaupata uani wake.

Mtu atauliza kama hayo yamewahi kufanyika katika ardhi yetu au ni ndoto za Mwezini. Upimaji wa namna hiyo umefanyika Songo Mnara, kisiwa kilichomo pamoja na Kilwa Kisiwani katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Mji ule ulistawi katika karne ya 14 na ya 15, na kwa miaka mingi wageni na wataalamu walitazama kilichosimama: nyumba za mawe ya matumbawe, misikiti, makaburi. Nafasi zilizokuwa wazi kati ya kuta zilichukuliwa kama nafasi wazi tu. Kikosi cha utafiti kilichoongozwa na Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher kilipopima nafasi hizo kwa vifaa vya sumaku na vingine vya kupima chini bila kuchimba, kisha kikachimba palipoonyesha dalili, zilijitokeza alama za shughuli na nyumba za miti na udongo ndani ya mji uleule wa mawe. Wakazi wale hawakuwa wamefichwa na mtu. Walifichwa na mazoea yetu ya kudhani kwamba mji wa Waswahili ni ukuta wa mawe na asiye na ukuta hakuwapo. Kanuni za 1914 ziliyageuza mazoea kama hayo kuwa sheria, zikaamua nani ajenge kwa kitu cha kudumu na nani kwa kitu cha kupotea, na hadi leo anayetembezwa katika Dar es Salaam ya kale huonyeshwa Boma la Majid, kanisa la Wajerumani, nyumba za Wahindi zenye roshani. Kariakoo huonyeshwa kama mahali pa kununua vitu.

Pingamizi la mafundi ni zito zaidi, na sitaki kulipita kwa haraka. Rada ya Yutu-2 ilifika mita 40 kwa masafa ya megahezi 500 kwa sababu vumbi la Mwezi ni kavu kwa kiwango kisichopatikana popote duniani. Hakuna maji, hakuna chumvi iliyoyeyuka, hakuna bomba, hakuna waya, hakuna simu 10,000 zinazolia kwa wakati mmoja. Wamarekani walilitambua hilo tangu Desemba 1972, pale Apollo 17 ilipobeba rada ya kuchungulia chini kutoka angani na kifaa kingine cha mawimbi ya redio cha kupimia ardhi yenyewe. Kariakoo ni kinyume cha Mwezi kwa kila hesabu. Iko kati ya bonde la Msimbazi na mkondo wa Gerezani. Maji yake ya chini yako karibu. Vyoo na mitaro ya vizazi vimeijaza ardhi chumvi. Na udongo wa mfinyanzi, popote ulipo, hunyonya mawimbi kama sponji. Kwa masafa yaleyale yaliyofika mita 40 Mwezini, hapa mtu ashukuru akipata mita mbili au tatu, na chini ya usawa wa maji pengine asipate kitu. Yote hayo ni kweli. Lakini tuangalie tunatafuta nini. Vyoo vya mashimo, majaa, sakafu na midomo ya visima viko ndani ya mita hizohizo za mwanzo, na unyevu wake hubadilika kwa msimu: anayepima Agosti au Septemba, kabla ya mvua za vuli, anapima ardhi nyingine kabisa na ya masika. Songo Mnara yenyewe ni kisiwa kilichozungukwa na maji ya chumvi. Ninachokubali bila ubishi ni kwamba barabarani kazi hii haina faida kubwa. Mtaa wa Msimbazi umeshafumuliwa kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi, mitaa mingine imejaa mabomba na nyaya, na visima havikuwa barabarani hata siku moja.

Wapo watakaosema historia ya Kariakoo inajulikana, imeandikwa na kusimuliwa. Inajulikana kwa upande mmoja. Tunajua kwamba chama cha TANU kilizaliwa Julai 7, 1954 Mtaa wa New Street, ambao leo ni Lumumba. Tunajua kwamba Abdulwahid Sykes alikuwa mkuu wa soko la Kariakoo na kwamba wanasiasa walipita ofisini kwake. Tunajua Bibi Titi Mohamed aliwaingiza wanawake katika chama kuanzia 1955. Hiyo ni historia ya barazani, ya watu waliokuwa na neno la kusema mbele ya wengine, na ni ya thamani. Uani hakukuandikwa kumbukumbu za kikao. Mpangaji wa chumba cha tatu kushoto, mama aliyeuza vitumbua, kuli aliyeshuka kutoka bara msimu mmoja akarudi, hao hawamo kwenye masimulizi isipokuwa kama umati. Masimulizi yenyewe, pamoja na utajiri wake, hufupisha miaka: mzee husema zamani kulikuwa na kisima, na zamani hiyo inaweza kuwa 1925 au 1958. Shimo lina faida ya kutokuwa na upande katika mjadala. Vigae vya kikombe kilichotengenezwa Japani vikiwa chini ya kopo la baada ya vita, mpangilio huo haubadiliki kwa kupenda kwa msimulizi. Nadhani vyanzo hivi viwili vinahitajiana, na kinachokosekana sasa ni kimoja tu kati ya hivyo.

Shimo jipya la Kariakoo lilianza kwa nia njema. Jengo la soko lililobuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa na Rais Nyerere Desemba 8, 1975 lina mapaa ya zege yaliyokaa kama miavuli iliyopinduliwa, yaliyokusudiwa pia kukinga maji ya mvua, na chini yake sehemu nzima ya soko ilizamishwa ardhini. Watu wakaiita Shimoni, na moto wa Julai 10, 2021 ulipoliunguza jengo, Shimoni ilitajwa kama mtaa wenye wakazi wake. Baada ya soko hilo kujengwa, mantiki ya biashara ilichukua nafasi. Fremu ya chini inalipa, kilemba chake hakisubiri, na kila nyumba ya Kiswahili inayovunjwa hupisha ghorofa lenye andagraundi, pengine yenye ngazi mbili kwenda chini. Kila andagraundi huondoa mita zote za kina ambazo nimekuwa nikizieleza, ukingo hadi ukingo wa kiwanja. Ghorofa lilipoanguka Mtaa wa Indira Gandhi Machi 29, 2013 na kuua watu 36, na jingine Kariakoo Novemba 16, 2024 na kuua zaidi ya 20, mazungumzo yalihusu zege, nondo na vibali, na baada ya ajali ya pili serikali iliagiza majengo ya Kariakoo yakaguliwe. Sisemi visima vya kale ndivyo vilivyoangusha jengo lolote. Nasema mhandisi anayetaka kuweka msingi ana sababu yake mwenyewe ya kutaka kujua kama kona ya kiwanja imekaa juu ya mchanga mgumu au juu ya choo kilichofukiwa kwa takataka miaka 60 iliyopita, na kifaa cha kumwambia ni kilekile cha mwanahistoria.

Nafasi ipo, ila ni nyembamba: siku chache kati ya kubomoa nyumba na kuleta kijiko. Kiwanja cha mita 15 kwa 25, kikipitiwa kwa mistari ya nusu mita, ni mwendo wa mita 775, kazi isiyomaliza siku. Anayeona hilo kuwa usumbufu kwa mwekezaji akumbuke kwamba siku moja ni chini ya muda unaopotea kushusha mchanga katika msongamano wa Mtaa wa Kongo. Kikwazo halisi kiko kwenye sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda yenyewe, bila kusubiri tangazo, vitu na majengo ya kabla ya mwaka 1863. Mstari huo umepita karibu kabisa na kuzaliwa kwa Dar es Salaam, kana kwamba mtu alisubiri mji uanze ndipo afunge daftari. Waziri anaweza kutangaza mahali pa baadaye kuwa pa kulindwa, na majengo kadhaa ya mjini yamefaidika hivyo. Tangazo hata hivyo huhitaji kitu cha kuonyesha kwa kidole, na shimo lililofukiwa haliwezi kuonyeshwa kabla ya kupimwa.

Limebaki pingamizi moja ambalo husemwa kwa mkato: ardhi ya Kariakoo imevurugwa mno, haina tena cha kusoma. Ardhi ya Mwezi nayo imevurugwa, miaka bilioni kwa bilioni, na vimondo, na watafiti wa Yutu-2 walichosoma ni vurugu hizo hasa, kimondo kipi kilirusha mawe juu ya mawe ya nani. Kariakoo inasomwa kwa namna hiyohiyo. Mtaro wa bomba ukikata choo, choo ni cha kwanza. Choo kikikata sakafu iliyoshindiliwa, hapo palikuwa na nyumba kabla ya uani, labda kabla kiwanja hakijagawanywa upya. Na chini ya vyote hivyo, mtaro mrefu ulionyooka ukikatwa na vyote bila wenyewe kukata chochote, ukipita kiwanja hadi kiwanja bila kujali mipaka ya viwanja, ungekuwa wa watu waliochimba kabla viwanja havijagawiwa, na wa kwanza kuulizwa wangekuwa wapagazi wa 1916.